Kofia ya Naibu

Kwanza kabisa, Fundi hakuombwa. Aliagizwa. Mama mkwe wake aliingia chumba cha kushonea Jumatatu asubuhi bila hata kubisha hodi, akasukuma pembeni rundo la kofia za walinzi zilizokuwa zikisubiri vifungo, akamtua paka juu ya meza ya kukatia, akasema huyu naye anataka kofia. Iwe ya buluu iliyokolea, yenye utepe wa dhahabu, ifanane kabisa na ile ya marehemu. Picha ni Jumapili ya wiki ijayo. Kisha akatoka, maana alikuwa ameacha chai jikoni.

Fundi alibaki akitazamana na paka. Paka ndiye aliyekwepesha macho kwanza.

Tuelewane mapema hapa, mtu asije akasema Fundi ana roho mbaya kwa wanyama. Paka mwenyewe hakuwa na kosa lolote. Alikuwa dume la kijivu, mzito, mwenye tumbo la mtu aliyestaafu vizuri. Marehemu baba mkwe, aliyekuwa mkuu wa stesheni ya treni, alimwokota akiwa mchanga chini ya benchi la abiria, akamleta nyumbani ndani ya kofia yake ya kazi, na siku hiyo hiyo akampa cheo: Naibu. Mzee alipofariki mwaka jana, Naibu alishinda mlangoni wiki nzima akisikiliza viatu vya watu wanaopita. Aliyekuwa akimpelekea chakula pale pale mlangoni ni Fundi. Kwa hiyo baina yao hapakuwa na ugomvi. Ugomvi wa Fundi ulikuwa na picha.

Kila mwaka, Jumapili ya kwanza ya likizo ndefu, watoto wanne wa Mama Mkwe hukusanyika kwa mama yao, nyumba ambamo Fundi na mumewe wanaishi naye. Wanakuja na wake zao, waume zao na watoto wao, wanajipanga sebuleni, na katikati yao alikuwa akikaa Mzee kwenye kiti chake, kofia ya stesheni kichwani, hata baada ya kustaafu. Picha inapigwa, inakuzwa, inatiwa fremu, inatundikwa ukutani. Tangu Fundi aolewe katika nyumba hiyo, zimetundikwa picha kumi na tisa. Katika zote kumi na tisa, Fundi hayumo hata moja.

Hayumo kwa sababu yeye ndiye mpigaji. Mwaka wa kwanza, akiwa bado bibi harusi wa miezi mitatu, wifi yake mkubwa alimkabidhi kamera akisema ana mkono usiotetemeka, amezoea sindano, hebu awapige. Fundi alijiona amepewa heshima. Mwaka wa pili alikabidhiwa bila maneno. Kufikia mwaka wa tano ilikuwa imeshakuwa kazi yake, sawa na kuosha vyombo vya wageni. Na kila mwaka, akishapiga, alikuwa akiishusha kamera polepole, anauliza, "Basi?", akingoja mmoja wao, yeyote yule, aseme ilete hapa, na wewe uingie. Wao wakisikia "basi" walikuwa wanatawanyika kwenda kula.

Laiti picha zenyewe zingekuwa za damu tu, angevumilia. Lakini watazame waliomo! Mke wa shemeji yake yumo. Mume wa wifi mkubwa yumo, tena kila mwaka amefumba macho. Yumo mchumba wa wifi mdogo, kijana wa suti, aliyetoweka miezi miwili baadaye bila kuaga, na mpaka leo anacheka ukutani kana kwamba harusi ni kesho. Mwaka wa kumi na mbili yumo jirani aliyekuja kurudisha ngazi. Alisimama mlangoni na ngazi yake begani, wakamwita, njoo, njoo, ingia hapo pembeni. Na aliyesubiri jirani atue ngazi, akae sawa, atabasamu, ndipo apige, ni nani?

Kilichomchoma zaidi hakukisahau. Binti yake alipokuwa darasa la tatu walitakiwa kupeleka shuleni picha ya familia. Mtoto akapeleka ya ukutani. Mwalimu akaitazama, akamvuta mtoto kando, akamwuliza kwa upole kama mama yake yu hai. Fundi aliposimuliwa alicheka mbele ya mtoto, halafu akaenda kusimama nyuma ya mlango wa stoo.

Na sasa, paka.

Mchana wa Jumatatu hiyo hiyo Mama Mkwe alieleza mezani. Hii ni picha ya kwanza bila Mzee, na kiti chake hakiwezi kuonekana kitupu. "Mkuu akiondoka, naibu anakaimu," alisema, na kila aliyekuwepo akaona hapo mama kanena. Mume wa Fundi alicheka mpaka akaweka kijiko chini. Fundi hakucheka.

Alimfuata mumewe chumbani, akamwambia yote. Kwamba amekaa miaka kumi na tisa nje ya ile picha, na leo anatakiwa amshonee paka nguo ya kuingilia mahali ambapo yeye hajawahi kukanyaga. Mume alijikuna kichwa. Alisema mama bado ana majonzi, wasilirefushe jambo, ni picha tu. Halafu akakumbuka ana shughuli nje. Kama ni picha tu, Fundi aliuambia ukuta, mbona kila mgeni akiingia sebuleni anakalishwa na kuonyeshwa mmoja mmoja, huyu fulani, huyu fulani, mpaka chai inapoa?

Alikubali shingo upande. Alikubali kwa kuwa kofia ni kofia, na yeye kwa miaka ishirini hajamrudisha mteja. Usidhani alikubali kwa ajili ya mapenzi ya Mzee. Mzee alikuwa mtu mwema, lakini naye hakuwahi kumwita aingie, na hatuwezi kumpamba sasa kwa kuwa amekufa.

Jumanne alichukua tepu ya kupimia, akapima kichwa cha Naibu kama anavyopima cha mlinzi au mpiga tarumbeta wa bendi: kuzunguka juu ya macho, kisha toka paji mpaka kisogo. Akachora kwenye karatasi, akakata. Alitumia mabaki ya kitambaa cha sare za madereva, akaweka kitambaa kigumu ndani ili kofia isimame, bitana nyekundu, ukingo mdogo mweusi wa mbele unaong'aa, na utepe wa dhahabu aliouzungusha kwa mkono kwa sababu cherehani ingeutafuna. Ilimchukua siku mbili. Ilipokamilika aliigeuza kwenye ncha ya kidole, na pamoja na hasira zote alizokuwa nazo, ilibidi akiri moyoni kwamba hajawahi kushona kitu kizuri hivi. Mteja aliyekuja kuchukua kofia za walinzi aliuliza hiyo ni ya mtoto wa nani.

Akamvika Naibu.

Fundi mzima, mtu mwenye miaka ishirini kwenye vichwa vya watu, alikuwa amesahau masikio. Binadamu masikio yake yako ubavuni, yanakaa chini ya kofia, hayamsumbui mtu. Ya paka yako juu, pale pale kofia inapotaka kukaa. Kofia ile ngumu iliyabana yakalala, na Naibu, aliyedhani labda anga limemwangukia, akaanza kurudi kinyumenyume akijaribu kutoka ndani yake. Alirudi mpaka meza ikaisha. Alianguka pamoja na kopo la vifungo, akapotelea chini ya kabati.

Fundi alikaa sakafuni akiokota vifungo, na kila kifungo kilikuwa na mtu wake wa kulaumiwa. Hiki cha wifi mkubwa. Hiki cha mume. Hivi viwili vya jirani na ngazi yake. Alijikasirikia na yeye mwenyewe, na hiyo ndiyo hasira mbaya kuliko zote kwa fundi, maana haina mtu wa kuirudishia.

Alianza upya Ijumaa. Safari hii alimpima Naibu akiwa amelala. Alikata matundu mawili ya masikio, akayazungushia ukingo laini yasimkere, akaondoa kile kitambaa kigumu na badala yake akatumia fulana ya zamani ya mumewe, bila kumwuliza. Chini ya kidevu akapitisha mpira mwembamba. Na kwa kuwa sasa alikuwa amepata adabu, hakumvika kwa ghafla. Alimpakata, akamwekea dakika moja, akaivua, akamkuna shingo. Kesho yake dakika tatu. Kesho kutwa, tano. Kufika Jumatano Naibu alikuwa anakuja mwenyewe, anapanda mapajani, anaingiza kichwa. Kufika Ijumaa alikuwa analala pale pale na kofia yake, anakoroma, huku Fundi anashona vifungo juu ya mgongo wake.

Jumamosi Mama Mkwe aliingia kukagua. Aliichukua kofia, akaigeuza mbele, akaigeuza nyuma, akaiweka chini.

"Utepe umepinda kidogo," alisema.

Utepe haukupinda. Alipotoka tu, Fundi aliupima kwa rula, kotekote. Haukupinda hata kwa unene wa uzi.

Jioni wifi mkubwa aliwasili na mabegi yake, akaiona kofia, akapiga makofi. Oh, wifi ana mikono ya dhahabu, oh, fundi kama wewe hakuna mji mzima. Fundi alikuwa ameshavikwa vilemba vya ukoka vya kutosha katika nyumba hiyo, akangoja tu kinachofuata. Hakikuchelewa. Wifi alimalizia kwa kusema ahakikishe simu ya kupigia picha ina chaji.

Jumapili sebule ilijaa. Meza zilitolewa nje, watoto wakapangwa kwa kimo, mume wa wifi mkubwa akafumba macho mapema kama kawaida yake. Kiti cha Mzee kiliwekwa katikati, kimefutwa mpaka kinateleza. Wifi mkubwa akamweka Naibu kitini, kofia kichwani, akamkalisha wima. Naibu akashuka. Akamrudisha. Naibu akashuka tena. Mara ya tatu alimkandamiza mabega, akaambulia mikwaruzo miwili mkononi. Shemeji akajaribu kwa kipande cha nyama. Naibu alikula nyama, kisha akashuka. Kofia ilikuwa imemzunguka, utepe uko kisogoni, sikio moja ndani na jingine nje, na paka wa watu alikuwa amekwishakuwa na macho ya kuomba msaada. Akapita katikati ya miguu ya ukoo mzima, akaenda moja kwa moja mlangoni, mahali Fundi alipokuwa amesimama na simu mkononi, akampanda mpaka kifuani.

Fundi aliinyoosha kofia kwa vidole viwili. Naibu akatulia tuli.

Kila mtu aliona. Na hapo, kwa sekunde chache, Fundi alitumaini. Ndiyo, baada ya yote hayo, bado alitumaini, na baadaye alijionea aibu kwa hilo. Alifikiri sasa hawana jinsi, lazima wamwite.

Mama Mkwe alifikiri kidogo, akapata ufumbuzi. Fundi apige magoti nyuma ya kiti, apitishe mikono pembeni, amshike paka kwa chini. Wamfunike shuka jeupe, hataonekana hata kidogo. Wifi mkubwa alikuwa ameshafika kabatini, anarudi na shuka.

Mmoja akauliza, sasa nani atapiga? Shemeji akasema hilo si tatizo, akachukua simu mkononi mwa Fundi, akaiegemeza kwenye vitabu juu ya kabati la televisheni. Inajipiga yenyewe, alieleza, unaibonyeza, inahesabu mpaka kumi.

Fundi aliitazama ile simu iliyosimama peke yake.

"Shemeji," aliuliza, "inaweza hivyo tangu lini?"

"Mbona siku nyingi. Hata ile ya kabla yake ilikuwa inaweza."

Wifi mkubwa alikuwa amesimama mbele yake na shuka, ameshalikunjua. Fundi alimtazama mumewe. Mumewe alikuwa anachunguza viatu vyake. Nyongo ilimpanda, na kwa mara ya kwanza katika nyumba ile hakuimeza. Hakupaza sauti. Mwenye paka amelala kifuani hawezi kupaza sauti.

"Mama," alisema, "huyu paka ana miaka sita hapa. Mimi nina kumi na tisa. Nimemshonea kofia aingie kwenye picha yenu, nimeishona mara mbili, na sasa mnataka nifunikwe shuka ili nisimharibie. Mimi si stuli, Mama. Sikubali."

Mama Mkwe alimkazia macho, na katika macho yale hapakuwa na ubaya. Palikuwa na mshangao mtupu, na huo ulikuwa mbaya zaidi.

"Kwani nani alikukataza kuingia?" aliuliza.

Hilo ndilo lililomuuma kuliko shuka. Kwa sababu lilikuwa kweli. Miaka yote ile alikuwa amejitayarishia majibu ya watu wanaomdharau, wanaomfanyia makusudi, na kumbe hapakuwa na makusudi yoyote. Hawakuwa wamemtoa. Hawakuwa wamefikiria kwamba yupo nje. Picha inapendeza, watu wamejaa, ya nini kuhesabu?

"Hakuna aliyenikataza," alijibu. "Na hakuna aliyeniita."

Binti yake alitoka kwenye mstari, akalichukua shuka mikononi mwa shangazi yake, akalikunja. Mume naye akasogea hatua moja kando ya kiti, akaacha nafasi, tena amechelewa miaka kumi na tisa, lakini alisogea. Fundi alivuka sebule. Naibu alikuwa mzito kifuani, naye akakaa kwenye kilichokuwa karibu. Kilikuwa kiti cha Mzee.

Wifi mkubwa akakumbusha kwamba hicho ni kiti cha Baba.

"Nilisema Naibu akae hapo," Mama Mkwe alimkata. "Si amekaa?"

Shemeji alipoelekea kwenye kabati kuibonyeza simu, mama yake alimtangulia, akaichukua. Walimwambia arudi mahali pake, inajipiga yenyewe. Alisema anajua, amesikia. Akaenda nayo mpaka mlangoni, akasimama pale pale anaposimama Fundi kila mwaka.

"Nataka nione alikuwa anaona nini huku," alisema.

Aliinua simu, akatazama. Alitazama muda mrefu kuliko unaohitajika kupiga picha. Watoto walianza kunong'ona, bibi bonyeza duara jeupe, na yeye akawa anaendelea tu kutazama, uso mmoja baada ya mwingine. Hatimaye akabonyeza. Kisha alikuja nayo mwenyewe hadi kwenye kiti, akampa Fundi aione kwanza, kabla ya wanawe.

Nusu ya picha ilikuwa dari. Iliyobaki ilikuwa vichwa na mabega, vimeegemea upande mmoja kama vile nyumba inazama. Fundi alikuwemo. Uso wake wote ulikuwemo, katikati kabisa, macho mekundu, mdomo bado una hasira. Na chini ya kidevu chake picha ilikuwa imeishia. Naibu hakuwepo. Kofia haikuwepo, si utepe, si ukingo, si hata ncha ya sikio.

Wenzake wote walisema ni nzuri sana, inatosha, twende tukale. Fundi aliona damu inamchemka upya. Wiki mbili za kazi! Matundu ya masikio aliyoyazungushia kwa mkono!

"Mtu asiondoke," alisema. "Mama, umemkata Naibu. Kofia haionekani. Rudia."

Watu walitazamana. Mama Mkwe aliichukua simu, akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa mlango, akaiinua kwa mikono miwili, akauliza kama hapo sawa.

"Shusha kidogo," Fundi alimwambia.

Akashusha.